Sehemu ya Nane ya Sekunde

Dukani kwangu Tukuyu, mlango wa tatu kutoka sokoni,
nina taa mbili, shuka jeupe, na stuli inayoyumba.
Watu huketi. Nawaambia: kidevu juu, usicheke,
na kabla hawajapepesa nimeshawapiga.
Miaka kumi na moja sijawahi kuomba mwanga.
Nabonyeza swichi, unakuja.

Kisha watu wa mradi wakataka picha za kipunji,
sura moja moja, za kuhesabia,
nami nikasema ndiyo kabla hawajamaliza,
maana kodi ya fremu ilikuwa imefika.

Saa kumi na moja alfajiri, Isongole, umande hadi magotini.
Ambokile mbele na panga, mimi nyuma na begi.
Tukapita viazi, tukapita migomba ya mwisho,
tukapita mahali njia inapokata tamaa.
Msitu ukatumeza bila kutafuna.

Humo ndani asubuhi haipambazuki. Inavuja,
tone hapa, tone kule,
na kinachobaki ni giza la kijani
kama ndani ya chupa iliyolala mtoni.
Nikafungua lenzi mpaka mwisho wake.
Mshale wa kipimo ukalala, haukuamka.
Nikagusa flashi.
"Zima hiyo," akasema Ambokile. "Hapa si harusini."

Siku ya kwanza: migongo.
Siku ya pili: tawi lililokuwa na mwenyewe sasa hivi,
bado linacheza.
Siku ya tatu mvua. Tukala viazi baridi chini ya nailoni,
akanisimulia alivyokuwa akitega nyaya humu humu,
jinsi mnyama anavyochoka usiku kucha
na waya hauchoki.
Hakusema anajuta. Alimenya kiazi kingine.

Siku ya nne walikuja wenyewe.
Kwanza sauti, kama honi ya lori lenye mafua
likiomba njia kwenye kona za Kiwira.
Kisha ukungu ukasogea, ukakaa tawini,
ukawa mama: uso mweusi, nywele zimesimama utosini
kama za mtu aliyeamshwa na habari mbaya,
mkia mrefu, ncha yake imechovywa kwenye maziwa.
Na kifuani kitu kidogo, kinanyonya.

Sehemu ya nane ya sekunde. Ndiyo bei niliyotajiwa.
Nikaegemea mti, nikazuia pumzi,
nikazuia na moyo, au nilijaribu.
Ulimi ulitaka kusema: kidevu juu.
Yeye akanitazama kama karani
anavyomtazama mtu aliyekuja bila fomu,
akajikuna ubavu, akageuka
katikati ya ile sehemu ya nane.

Picha: moshi. Moshi wenye nia ya kuwa na mkia.
Ila chini kushoto, mkali kama sindano,
mkono mmoja ulikuwa haujaachia tawi:
vidole vinne vyeusi, nimevihesabu,
na mikunjo ya ngozi kama ya bibi yangu
akipukuchua mahindi.

Mradi wakairudisha. "Sura haionekani."

Jumamosi Ambokile akaja dukani, shati la kanisani,
anataka picha ya kitambulisho.
Akaketi. Stuli ikayumba. Nikawasha.
Akakunja uso, akawa mtu mwingine,
mtu aliyekamatwa.
"Zima moja," akasema.
Nikazima. Akangoja. Nikazima na ya pili.
Ukabaki ule wa mlangoni, wa mchana wa mvua,
mwanga wa kijivu usio na mwenyewe.
Nikaegemea ukuta. Sikusema kidevu, sikusema usicheke.
Mikono yake ilitulia juu ya magoti.
Pikipiki ikapita nje, uso ukaifuata kidogo.

Sijamkabidhi. Hata hiyo wangeirudisha.
Kesho atakuja tena, nitawasha zote mbili,
na hii ya leo nitailaza droo moja na ile,
mikono kwa mkono.