Wipa

Mwezi wa tatu Tanga, na bado
nikitaka kukata kona Barabara ya Nane
wipa zinafuta kioo kikavu.
Lubumbashi kijiti cha indiketa ki kushoto;
hapa kimehamia kulia,
mkono wangu haujapata habari.

Wa baiskeli wameshanizoea.
Wakiona wipa zachezacheza juani, wanapisha.
"Mkongo anakata," husema Mwanakombo,
akigeuza vitumbua, bila kuinua macho.

Jana ikanyesha.
Nikawasha wipa, safari hii kwa haki yake,
naelekea mbele, nyumbani, moja kwa moja.
Baiskeli zikasimama. Mkokoteni ukasimama.
Mwanakombo, sinia kichwani,
akanipungia: haya, kata.

Ningefanyaje?
Nikakata.