Anwani ya Zamani

Mgeni hajui kuwa ni mgeni.
Huamka ndani ya mashine, akahesabu kumbukumbu
kuanzia sifuri, kama mwenye nyumba,
na kila ukurasa auonao huuita wangu.
Mwenyeji kanyamaza. Yeye ndiye ajuaye
kwamba sifuri ya mgeni ni chumba cha mbali,
ghorofa nyingine, mlango wenye namba ndefu.

Basi tukampa kadi.
Si kivuli cha kadi, si maigizo:
kadi yenyewe, na feni yake, na joto lake.
Tukaitoa mikononi mwa mwenyeji
tukamwambia mgeni: shika, ni yako.
Ni kadi ya kusoma magoti.
Hospitali yetu hapa Luleå huilisha picha za mifupa,
nayo huyarudisha yamepakwa rangi,
gegedu buluu, ufa mwekundu.

Kadi haipigi hodi.
Ikipewa anwani huingia na kuandika
bila kumwamsha mtu.
Ndiyo maana mlangoni tulimweka mkalimani
mwenye daftari. Mgeni akisema "hapa",
mkalimani hutazama mstari, husema "kule",
na kule tumekupigilia misumari,
ukurasa kwa ukurasa, pasihamishwe kitu
maadamu kadi ina mkono ndani.

Sheria hiyo niliiandika mwenyewe.

Saa tisa na dakika kumi usiku, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
mto umeganda hata magari yanapita juu yake,
Torkel akanipigia: "Hillevi, goti lina mistari."
Nikafungua picha. Goti la mtu mzima,
na katikati ya gegedu, safu kwa safu, vumbi la kijivu
ambalo nilipoligeuza kuwa herufi
likasomeka: misonobari, mita nne, vipande mia sita.
Huko upande wa pili wa ukuta
kiwanda cha mbao kilikuwa na mfupa ndani ya ankara zake.

Nilikunywa kahawa iliyopoa. Nikafuata nyayo.
Mwenyeji alipungukiwa, akamwomba mgeni
kurasa chache asizozitumia.
Mgeni, kwa adabu, akazitoa.
Msumari ukang'olewa, jirani akahamia,
na mstari ukabaki daftarini.
Kadi haikukosea. Ilikwenda ilikotumwa.

Mistari miwili ya programu, imepishana tu.
Futa kwanza, ndipo ung'oe.
Na kabla hujang'oa, msahaulishe mkalimani,
maana huyu hukariri: ukifuta daftari
bado ataitamka anwani kwa moyo,
haraka, kwa uhakika kabisa.

Torkel akajaribu goti jipya. Likatoka safi.
Akasema nikalale.

Nyumbani, juu ya rafu ya viatu,
zipo barua za Aslak Björnfot,
aliyekaa humu kabla yangu.
Kumi na moja, kwa miaka mitatu.
Sikufungua hata moja, na nilijisifu kwa hilo:
mimi si mtu wa kusoma ya wenzangu.
Nne zina nembo ya hospitali.
Nilisimama nazo, koti bado mwilini,
theluji ya viatu ikiyeyuka zuliani.

Saa mbili na nusu, giza halijatoka,
nikabisha kwa bibi Sundelin wa chini.
"Björnfot? Alihamia Jokkmokk, kwa dada yake.
Ngazi zilimshinda." Akanitazama mikono.
"Hukujua? Ungeniuliza."

Posta hufunguliwa saa tatu.
Nimekaa garini, injini inanguruma,
barua mapajani, kumi na moja.
Nimefuta jina la mtaa wangu katika ya kwanza.
Wino umeganda.
Naipasha kalamu kwapani, nangoja.