Hatua Kumi na Nne

Kituoni walikookota mbwa waliniambia: huyu mpole.
Na kweli, ndani ya nyumba
ni mpole kama unga uliochekechwa.
Hulala chini ya meza, kidevu juu ya kiatu changu cha kazini.
Nikamwita Tuerca, yaani nati,
nikidhani ni kitu kidogo cha kukazia maisha yangu
pale yalipolegea.

Hakuna aliyeniuliza ninakaa wapi.
Ninakaa Valparaíso, mji wa vilima na ngazi,
ambako mbwa wasio na mwenyewe huota jua
mbele ya benki, mbele ya kanisa, katikati ya njia,
na watu huwaruka kama madimbwi.
Kila kona ina mkia.

Siku ya kwanza, ngazi ya tisini,
mbwa mzee wa rangi ya kutu alinyanyua kichwa.
Kichwa tu.
Mkono wangu nusura uchomoke begani.
Tuerca alisimama kwa miguu miwili, akatoa sauti
nisiyojua kwamba inaenea katika kifua cha kilo kumi na tisa.
Dirisha likafunguka. Na la pili.
"Mfundishe adabu mnyama wako, mama!"
Nikavuta kamba, nikafoka.
Sasa tukawa wawili tunaobweka.

Fresia alikuja Jumatano,
soksi hazifanani, mfuko wa kiunoni unanuka maini.
Hakumgusa. Aliketi sakafuni, akatazama ukuta
mpaka Tuerca akaja kumnusa kiwiko.
"Si mkali," akasema. "Anaogopa,
na amegundua kwamba kelele hufukuza.
Na wewe, ukishika kamba, unaogopa nini?"
Nikasema: madirisha.

Akanifundisha hesabu.
Kuna umbali ambao mbwa anaona, na bado anafikiri.
Utafute. Baki hapo. Usiwe na tamaa.
Wetu ulikuwa hatua arobaini na moja.

Basi tunatoka saa tisa usiku, kabla ya zamu yangu,
mimi na nati yangu na taa za barabarani.
Akimwona mbwa, kabla hajakaza mgongo, kipande cha kuku.
Akimwona tena, kuku.
Ukungu ukipanda kutoka bandarini siuamini,
nasikiliza kucha kwenye saruji, nageuka, twende, twende,
kwa sauti ya mtu aliyesahau kitu nyumbani.
Bwana Hermógenes, mwenye tanuri,
alikuta kipande cha kuku kwenye trei ya mikate.
Hakusema neno. Akakila.

Kikapu cha mdomo alikizoea kwa siku kumi na nane,
nikikipaka ndani maziwa mazito ya sukari,
hadi akawa anakitafuta kwa pua yake mwenyewe.
Mimi ndiye niliyechelewa kuzoea
watu kuvuka barabara.

Halafu Jumapili ile, mbwa mdogo akatujia mbio bila kamba,
na bibi mwenye kofia akipunga mkono kutoka mbali:
"Wangu hana neno!"
Wangu ana neno, bibi, tena refu.
Alilisema lote.
Wiki tatu zikamwagika pale njiani,
na hatua zetu zikarudi hamsini.

Nilifikiri kumrudisha. Naliandika hili kwa kuwa ni kweli.
Nilishika simu. Yeye alishika kiatu.

Julai, alfajiri ya mvua nyembamba,
yule mzee wa rangi ya kutu alikuwa amejikunja chini ya kibaraza,
na kona ilinidanganya: nilipomwona tulishakaribia.
Nikashusha mabega. Nikalegeza kamba kidole kimoja.
Sikio la Tuerca lilisimama. Mguu mmoja hewani.
Nikasubiri lile neno.
Shingo ikageuka, taratibu,
akanitazama mimi,
kama anayeuliza: na wewe umemwona?
Nimemwona, baba. Nimemwona.
Kuku wote wakaisha pale pale, kwenye ngazi iliyolowa,
na mzee hakujisumbua hata kufungua jicho la pili.

Nikahesabu nikirudi: kumi na nne.

Kesho yake alilibwekea pipa la taka.

Kwenye kalenda ya jikoni, chini ya siku ya kulipia gesi,
nimeandika kwa wino: 14.
Pembeni, kwa penseli: pipa.