Kisigino Nje

Viatu vya Eliécer vilifika ndani ya mfuko wa unga,
vimenizidi namba moja, na chini ya kila soli
kipande cha plastiki nyekundu kama ulimi wa mjusi.
Nikajaza gazeti la Jumapili kwenye ncha.
Nikavijaribu jikoni: ko, ko, ko,
mbuzi juu ya vigae.

Yurany, binti wa kaka yangu, miaka kumi na minne,
akaiegemeza baiskeli kwenye ukuta wa zizi.
"Shangazi, shika ukuta. Ncha kwanza, halafu kanyaga."
Nikakanyaga. Wapi.
Nikakanyaga tena, ikateleza, pedali ikanipiga muundi;
nililolisema silirudii, ng'ombe wenyewe waliinua vichwa.
Mara ya tano: ta!
Mlio mdogo, kama kitasa cha sanduku la marehemu mama.
Nikauvuta mguu. Haukuja.

Mimi huyu, miaka hamsini na miwili,
sijawahi kufungwa na kitu
nisichoweza kukikata kwa kisu.

"Kisigino nje," akasema. "Usivute. Kisigino nje."
Nikaitika ndiyo, ndiyo,
kama mtu anayeelekezwa njia na mawazo yako sokoni.

Alhamisi nikateremka hadi njia panda
ambapo lori la maziwa la mzee Hermógenes
hungoja madebe yetu.
Nilikwenda vizuri. Nilikwenda vizuri kabisa!
Kisha mbwa akakaa katikati ya barabara kujikuna,
nikashika breki, baiskeli ikasimama,
na miguu yote miwili ikabaki kwa mwenyeji wake.

Ile si ajali. Ajali ina haraka.
Ile ni kuinama kwa mti uliokwisha kukatwa
ambao bado haujapata habari.
Unao muda wa kuona nani yupo,
muda wa kumwona Hermógenes akitoa sigara mdomoni,
muda wa kuchagua nyonga ipi itoe sadaka.
Nikalala kwenye lami, baiskeli juu yangu,
tumekumbatiana kama walevi wawili.

Hakucheka. Afadhali angecheka.
Akachuchumaa, akauliza kwa adabu:
"Bi Deyanira, nikusaidie, au ndivyo mlivyopanga?"

Usiku ule, nikijipaka kiwikoni dawa ya viwele
(ndiyo iliyokuwapo, na inafaa),
nikamkumbuka ndama wa mwezi Machi.
Mguu wa nyuma umenasa kwenye senyenge, anavuta,
na kadiri anavyovuta ndivyo waya unavyokula nyama.
Nilimfanyaje?
Nilimkumbatia shingo mpaka akatulia.
Nikausukuma mguu ndani kidogo, nikaugeuza kando,
ukwato ukatoka wenyewe.
Kumbe mikono yangu ilijua siku zote.
Miguu ndiyo haikuulizwa.

Kabla ya kukamua, ukungu ungali umelala malishoni,
nikashika ukuta. Ta. Kisigino nje. Ta. Kisigino nje.
Mara arobaini, au hamsini;
ng'ombe mweupe alikuwa akihesabu kwa mkia,
akapotea hesabu, naye akarudia nyasi zake.

Jumapili, kilima cha Los Arrayanes.
Hapa kwetu Boyacá tuko juu sana,
hata njiti ya kiberiti huhema kabla ya kuwaka.
Maisha yangu yote nimeendesha kwa kukandamiza:
mguu mmoja unafanya kazi, mwingine unabebwa.
Lakini kwenye kona ya tatu, penye msalaba wa bluu,
nikausikia mguu unaorudi nao ukivuta,
kimyakimya, upande wa nyuma wa paja,
kama mke mwenza aliyechoka kununa.
Kilima hakikuwa rahisi, nisidanganye.
Kilikuwa kilekile. Ila sikuwa na mguu wa kupumzika,
na ajabu, sikuutaka.

Juu kabisa Yurany alikuwa amekaa juu ya jiwe,
ana kipande cha sukari guru mkononi, chake na changu.
Nikapunguza mwendo. Nikafungua wa kulia:
ta, safi, kisigino nje, kama maji.
Nikainua mkono kumpungia,
nikaegemea kushoto.