Nukta Yenye Mabawa

(Mmoja aanze. Palipoandikwa WOTE, tusome wote. Penye nukta, tunyamaze kidogo.)

Kitendawili!
WOTE: Tega!

Moshi ziwani, moto hakuna.
WOTE: Ukungu?
Ukungu hulala. Huu umesimama.
WOTE: Boti ya Ukerewe?
Boti hupiga honi.
WOTE: Basi, tumeshindwa.
Nipeni mji!
WOTE: Chukua Igombe yote, na mawe yake!

Nimekwenda, nimefika, nimekula sato mzima,
sikuwaachia hata mwiba.
Jibu ni sami.

Sami, wadudu wa ziwa,
wembamba kuliko uzi wa nguo,
wadogo kama punje ya ulezi.
Huzaliwa majini, kimya,
halafu siku moja wote wanakumbuka kuruka.

WOTE:
Sami sita, sami saba,
sami shatini kwa baba,
sami usoni pa mbuzi,
sami ndani ya mchuzi!

Saa nne, darasani,
dirisha bila kioo,
Milembe ana kitabu,
tunasoma kwa vituo:

WOTE: Siafu wanakwenda safari.
WOTE: Malkia wao ni mnene na.

Tukanyamaza.

"Mnene na nini?" akauliza Mwalimu Lushinge.
"Mwalimu, kuna nukta."
"Nukta haikai baada ya na."
"Hii imekaa, mwalimu.
Tena ina miguu sita."

Mwalimu akaja, akainama, akavaa miwani.
Nukta ikamtazama.
Nukta ikajikuna.
Nukta ikaruka, ikatua kwenye miwani.

WOTE: Malkia wao ni mnene na hana haraka!

Wakaja wawili, mmoja juu, mmoja chini.
WOTE: Nuktambili:
Akaja mmoja, mkia umepinda.
WOTE: Mkato,
Wakaja watatu, wakapanga mstari…
Hapo tukavuta maneno, tukavuta, tukavutaaa,
mpaka Doi akaishiwa pumzi.

Kisha dirisha likawa jeusi.
Ukurasa ukawa na madoa kama mgongo wa kanga.
Siafu wamefunikwa, malkia amefunikwa,
hata picha ya kichuguu haionekani.

WOTE:
Sami nane, sami tisa,
wametukatiza kisa,
sami kumi, sami mia,
siafu wasubiria!

Bugumba akacheka. Kosa kubwa.
Kipindi cha sami, mtu hucheka kwa pua.
Yeye alifungua mdomo wote, mpaka gego,
na nukta ikaingia.

WOTE: Amemeza nukta!

Tangu siku hiyo, Bugumba akizungumza
hukatika katikati ya.
Ukimwuliza jina lake anasema naitwa Bugu.
Ukimtuma dukani anaomba nusu kilo ya.
Muuza duka anamsubiri mpaka leo.

Huko nje mbayuwayu walikuwa na harusi.
Buibui wa nyaya za umeme alikula,
akapumzika, akala tena,
akashindwa kupanda kwake.
Na jioni, chini ya balbu ya Bibi Nyanjige,
wakarundikana kama majani ya chai.
Bibi akawafagia kwa ufagio wa njukuti,
chwa, chwa, chwa,
WOTE: chwa, chwa, chwa,
kuku nyuma yake wakifagia kwa midomo.

Asubuhi ziwa lilikuwa jeupe, halina moshi.
Milembe akafungua kitabu.
Mmoja alikuwa bado yupo,
amebanwa pale pale, baada ya na.
Milembe alitaka kumpuliza.
Kisha akafunga kitabu polepole, akakirudisha kabatini.

Mwakani darasa jingine litasoma:
WOTE: Siafu wanakwenda safari.
WOTE: Malkia wao ni mnene na.

Watanyamaza.
Watatazamana.
Nasi tutakuwa dirishani, tunacheka kwa pua.

Shairi limekwisha, tuweke nukta.
Ilikuwa hapa sasa hivi.
WOTE: Iko wapi?
Milembe, usiinue mkono, usipumue, iko kwenye nywele zako, iko
WOTE: imeruka