Uzito wa Senti Ishirini

Saa kumi na moja alfajiri, uwanja wa changarawe,
magari sita na baiskeli moja yenye kutu.
Tunasalimiana kwa videvu,
kila mtu na chupa yake ya chai, kila mtu na baridi yake.
Mimi ni dereva wa basi la umeme mjini Kaunas.
Miaka kumi na tisa sikio langu limelishwa milango:
psss, kufunguka. Psss, kufungwa.
Daktari alisema, tembea.
Binti yangu akasema, basi tembea na watu.

Anayetuongoza ni Vygaudas, mstaafu wa idara ya misitu,
ndevu zake zimeshika umande kabla ya nyasi.
Sheria zake mbili tu:
ukifurahi, usipige makofi;
ukimsikia usiyemjua, simama, wala usione haya.

Tunaingia kwa mstari. Viatu vinanong'onezana na majani.
Kigong'ota anabisha, hakuna anayemfungulia.

Mara kekeo, ng'ambo ya ziwa,
na watu wazima wote wanapapasa mifuko!
Kwetu, kekeo wa kwanza wa mwaka akikukuta huna pesa
utakopa mpaka theluji irudi.
Mfukoni mwangu mna ufunguo na tiketi kuukuu.
Kazimiera, hatujajuana hata nusu saa,
ananitumbukizia sarafu, mbio, kekeo hajamaliza kuita:
senti ishirini.
"Usinirudishie," ananong'ona. "Itabatilika."

Chini ya misonobari ya kale Vygaudas anasimama.
Anatazama juu, lakini si kama mtu anayesikiliza;
kama mtu aliye stesheni, ajuaye ratiba,
ajuaye kwamba treni imeshafika.
"Hapa yupo mdogo kuliko wote.
Jina lake tumelitoa kwenye kidole gumba.
Ana utepe wa dhahabu utosini, na mwili mzima
ni uzito wa senti ishirini.
Sauti yake nyembamba. Ilinitoka miaka minne iliyopita.
Alianza kwenda yeye, wakafuata panzi,
kisha neno la mwisho la kila sentensi ya mke wangu."
Tunacheka kwa adabu.
"Haya. Nani ana masikio?"

Kimya.
Skirmantas, mwenye kamera nene kama mchi, anafumba macho.
Kazimiera anainamisha kichwa upande wa sikio zima.
Mimi nasikia mate yangu yakishuka kooni,
na mbali sana, psss, mlango ambao haupo.

Wasemao penye wazee haliharibiki neno
hawakuja asubuhi hii.
Smiltė, miaka tisa, mabuti ya mvua ya njano,
ameinua kidole.
"Yuko," anasema. "Na mwingine, kule."
"Una hakika?" anauliza baba yake.
Mtoto hamjibu; yuko kazini.

Vygaudas anatoa daftari, anachuchumaa mbele yake
kama karani mbele ya shahidi.
Anaanza juu au chini?
Anapanda, anashuka, anapanda, anashuka.
Na mwishoni?
Smiltė anafikiri. Anasikiliza tena, kwa ajili yetu sote.
"Mwishoni ni kama anajikwaa."

Mzee anakaa vilevile, magoti ndani ya ukoka uliolowa.
"Ndiyo," anasema baadaye. "Bado anajikwaa."
Kisha anaandika.

Saa tatu tumerudi kwenye changarawe, orodha inasomwa:
korongo wanne, kurumbiza mmoja, kunguru hatukuhesabu.
Arobaini na moja kwa jumla.
Mistari yote ni ya "tumeona" na "tumesikia"
ila mmoja, wenye jina la mtoto.

Mimi sikumsikia. Pengine sitamsikia.
Lakini Jumatatu, mapumziko ya saa nne, kituo cha mwisho,
mashine ya kahawa ilinidai senti ishirini kamili, si zaidi.
Nilitia mkono mfukoni, nikaupima,
nikautoa mtupu.
Nikanywa maji.