Hesabu ya Vumbi

Baiskeli imerudi Kariokor juu ya basi,
imefungwa kwa kamba ya katani na kipande cha kanga,
na mwenyewe Shivachi nyuma yake, midomo imepasuka.
"Habari za safari?" "Nzuri."
"Kulikuwaje huko?" "Kuzuri tu, Ndinda. Angalia mnyororo."
Basi. Siku ishirini na moja za likizo,
na maneno yote aliyorudi nayo hayajazi kiganja.

Si mtu wa maneno. Ni mtu wa lifti,
lile sanduku la mbao na shaba Mtaa wa Biashara:
miaka kumi na tisa akipanda mpaka ghorofa ya sita,
miaka hiyohiyo akishuka,
asifike popote.
Mwezi Mei aliweka juu ya benchi langu
kiunzi cha mtumba, kizito kama lango la kanisa,
akasema: "Nitengenezee kitu cha kwenda mbele."

Sasa nimeipindua, magurudumu angani,
nakwangua kwa bisibisi,
na safari yake naisafiri kinyumenyume.

Juu kabisa ni chumvi. Imeng'ata spoku zote.
Nalamba kidole: hili si jasho peke yake.
Kwenye friwili, tope jeusi linalonuka mayai viza,
tope la mikoko, Gazi au jirani yake.
Mjinga gani huingiza baiskeli kwenye mikoko?
Labda mjinga aliyetaka kuona
wale kaa wadogo wa gando moja kubwa.

Chini yake nyuzi za mkonge, zimejisokota kwenye ekseli:
Mwatate, ile mistari inayokimbia nawe hadi kizunguzungu.
Halafu wekundu. Wekundu kila mahali,
wa Taita, usiotoka kwa sabuni wala kwa dua
(ninao kwenye gauni nililovaa harusi ya dadangu,
tangu tisini na nane).

Kisha chembe nyeusi, kali, nyepesi,
makaa ya mlima uliolala, upande wa Loitokitok.
Hapa alisimama. Najua kwa sababu ya stendi:
imezama kwenye udongo mpaka kwenye bawaba,
na nyasi zimenasa humo, zimekauka.
Hakusimama kunywa maji. Alisimama sana.
Ilikuwa alfajiri, nadhani,
kabla wingu halijaificha theluji.

Mwiba wa mgunga bado umo tairini, jino la mbwa.
Kiraka cha tyubu kimekaa upande, gundi imemwagika,
lakini kimeshika. Nilimfundisha mimi.

Na mwisho, karibu na chuma, saruji ya Athi River,
kijivu cha siku ya kwanza, kimeganda pamoja na woga.
Malori yale! Aliniambia angegeuka Kitengela
kama moyo ungekataa.

Zimebaki breki.
Nilimwekea mipira mipya, mbele na nyuma,
nikamwonya kuhusu mteremko wa Kwale,
pale ardhi inapokuachia ghafla, minazi inakuja juu,
na bahari inasimama mbele yako kama ukuta:
shika, achia. Shika, achia.
Nazifungua. Nazipeleka mwangani.
Mpira mzima.
Nembo ya kiwanda bado inasomeka.

Mtu wa lifti. Mtu aliyesimamisha kila kitu,
kila ghorofa, sawasawa na sakafu.

Jumatatu nilikuwa na deni la kulipa ghorofa ya nne.
Alivuta lango la mikunjo, akauliza, "Ngapi?"
kama hanijui.
Mkono juu ya wenzo ulikuwa na rangi mbili,
mpaka wake pale glavu ilipoishia.
"Nne," nikasema. "Halafu uniambie. Kwale?"
Tukapita ya pili. Tukapita ya tatu.
Akacheka, peke yake, akiutazama ukuta,
akaipita ya nne kwa shubiri nzima
ikabidi turudi chini kidogo.